Mchanga badala ya changarawe: namna ya kuutandika kwenye akwariamu hapa Lubumbashi

Samaki wengi wanaofugwa kwenye vioo vya nyumbani wametoka kwenye maji yenye sakafu ya mchanga. Wale wa ziwa Tanganyika, wanaoletwa kutoka Kalemie au Moba, wapo wanaoutafuna kutwa nzima: wanachota mdomo mzima, wanachambua vidudu, na chembe zinatokea kwenye matamvua. Wapo wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono na kuyachimbia mpaka yabaki mdomo tu juu. Kambale na jamaa zake wanapapasa chini kwa ndevu, na changarawe zenye kingo kali huwakwaruza ndevu hizo mpaka zikafupika na kuingia vidonda. Samaki wa namna hiyo ukimtandikia kokoto za rangi, unamnyima kazi yake ya kila siku.

Changarawe ina ubaya mwingine ambao hauonekani. Makombo ya chakula na kinyesi huteremka katikati ya vijiwe na kuozea humo. Juu panapendeza, chini amonia, sumu itokayo kwenye uozo, inatengenezwa. Kwenye mchanga uliotandikwa vizuri uchafu hubaki juu, unauona kwa macho na unaufyonza. Ndiyo maana watu husema mchanga unachafuka haraka. Uchafu ni ule ule, ila sasa unaonekana.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni mchanga. Lakini katika mji huu, kabla ya rangi, kabla ya bei, kuna swali moja la kujibu: mchanga umetoka wapi?

Hatua ya kwanza: jua ulikotoka

Tunaishi juu ya shaba. Kwa binadamu hilo ni habari ya kazi na biashara, kwa samaki ni habari ya uhai. Shaba iliyoyeyuka majini hushika kwenye matamvua na kuvuruga uwezo wa samaki wa kutunza chumvi mwilini. Wafugaji wanaotibu vimelea kwa dawa ya shaba hufanya kazi na kiasi cha miligramu 0.2 hivi kwa lita moja, na hupima kila mara kwa sababu ukivuka kidogo tu dawa inakuwa sumu. Konokono na kamba hawavumilii hata kiasi hicho. Na maji yakiwa laini, yasiyo na chokaa, shaba huuma zaidi.

Kwa hiyo usichukue mchanga wala chenga nyeusi za Terril, kile kilima cheusi cha mjini, hata kama zinang'aa na rafiki yako amesema zinafaa kwa samaki weusi. Yale ni masalio ya kuyeyushia madini, na ndani yake mna shaba, kobalti na zinki. Usichukue karibu na machimbo, wala mahali watu wanapooshea madini, wala mtoni chini ya mahali hapo. Watafiti wamekuta shaba na kobalti kwenye matope ya mito ya bonde la Kafubu, kwa hiyo jina la mto peke yake halitoshi. Uliza ni sehemu gani ya mto. Ukiona mahali miti imekataa kuota na pamejaa lile ua la shaba, *Haumaniastrum katangense*, ondoka na ndoo yako tupu. Mmea huo unavumilia udongo wenye shaba ambao mimea mingine inaukimbia, na wachimbaji wamelijua hilo tangu zamani.

Muulize muuzaji waziwazi. Wengi watakujibu vizuri:

«Papa, hii mchanga inatoka wapi?»

«Inatoka ku Kafubu, mama.»

«Kafubu ya upande gani? Juu ya migodi ao chini?»

Akisita hapo, au akisema mchanga ni mchanga tu, tafuta mwingine.

Ulio salama kuliko wote ni mchanga wa chujio la pisini, yaani bwawa la kuogelea. Ni kwarzi, aina ya jiwe gumu, iliyooshwa na kuchekechwa, chembe zake karibu zote ni kati ya nusu milimita na milimita moja, na huuzwa kwa mifuko. Wanaohudumia mapisini ya mjini wanao, na wanaofanya biashara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wanaweza kukuletea. Bei yake inazidi ya mchanga wa ujenzi, lakini unanunua mara moja kwa miaka. Wa pili kwa ubora ni mchanga wa ufukweni Kalemie au Moba, kama una ndugu anayesafiri na hajali uzito. Wa tatu ni mchanga wa mto unaotumika kupigia lipu, uliochukuliwa mbali na migodi. Huo usiuchote kwenye rundo lililo pembeni ya kazi ya ujenzi, maana saruji inayomwagika humo hupandisha ukali wa maji kiasi cha kuunguza matamvua.

Jambo jingine la hapa kwetu: yale mawe ya kijani ya malakiti yanayochongwa na kuuzwa kwa wageni. Ni mazuri sana, na yapo watu wameyaweka ndani ya akwariamu kama pambo. Malakiti ni madini ya shaba. Yaache juu ya kabati.

Hatua ya pili: ujaribu kabla ya kuuamini

Mchanga wa pisini hauhitaji haya. Mwingine wowote upitishe kwenye majaribio manne, na hakuna hata moja linalohitaji maabara.

Kwanza siki. Kausha kijiko cha mchanga, mwagia siki nyeupe, weka sikio karibu. Ukisikia unachemka na kuona vipovu, una chokaa ndani yake. Tahadhari: mkoa wetu wa Haut-Katanga una dolomiti nyingi, jiwe la jamii ya chokaa, na dolomiti haichangamki kwenye siki baridi. Saga chembe kidogo ziwe unga, pasha siki moto, rudia. Chokaa si sumu. Huongeza ugumu wa maji na kuyasogeza juu ya saba kwenye kipimo cha pH, kinachoonyesha kama maji ni ya asidi au ya besi. Kwa samaki wa Tanganyika, ziwa ambalo maji yake ni 8.6 mpaka 9 hivi, hilo ni jema. Kwa samaki wa maji laini ya msituni, kama wale wenye mkia mrefu wa mto Kongo, *Phenacogrammus interruptus*, utafute mchanga mwingine.

Pili ni shaba. Jaza nusu glasi mchanga, mwaga siki mpaka ifunike, acha usiku kucha. Asubuhi mimina siki ile kwenye glasi safi na uitazame mbele ya karatasi nyeupe. Ikiwa na rangi ya kijani au buluu, tupa mchanga wote. Ikiwa haina rangi, chukua msumari mpya, usugue kwa msasa mpaka ung'ae, uutumbukize ndani kwa saa chache. Shaba iliyomo kwenye siki huhamia juu ya chuma na kukivalisha ngozi nyekundu ya waridi, ile ya waya wa umeme uliotoka kumenywa. Kutu ni ya kahawia na inafutika kwa kidole, shaba inang'aa. Jaribio hili hukamata mchanga ulio mbaya sana. Shaba kidogo inaweza kulipita, na ndiyo sababu ya jaribio la nne.

Tatu, sumaku. Ivingirishe kwenye kipande cha plastiki uipitishe juu ya mchanga mkavu. Chembe nyeusi zikiruka kuifuata, ziondoe kadiri uwezavyo, kwa kuwa mota ya pampu ina sumaku ndani na chembe hizo huenda kujazana pale pale.

Nne, mitungi miwili ya kioo. Mmoja tia mchanga uliokwisha kuoshwa pamoja na maji, mwingine maji yale yale bila mchanga. Weka konokono wadogo wachache kwenye kila mmoja, kutoka kwenye akwariamu ya mwenzako, wasiwe wa mtoni. Wape jani la saladi lililochemshwa na uwatazame kwa wiki mbili. Wa mtungi wa mchanga wakijifungia ndani ya kombe, wakipanda kutoka majini au wakifa, huku wa mtungi wa pili wakitembea vizuri, umepata jibu. Wakitaga, umepata jibu pia.

Hatua ya tatu: kuosha

Hapa ndipo watu huchoka mapema. Kwanza chekecha kwa wavu wa dirisha ili vijiti na kokoto vibaki juu. Kisha tia mchanga kidogo kwenye beseni, usizidi robo ya beseni, fungulia maji kwa nguvu na uukoroge kwa mkono kutoka chini kabisa. Maji ya kwanza yatakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Yamwage haraka kabla vumbi halijatua tena, rudia. Usiangalie saa wala idadi ya ndoo. Angalia mkono wako. Ukiweza kuuona vizuri chini ya maji huku bado unakoroga, umemaliza fungu hilo. Chukua jingine.

Sabuni isikaribie, wala dawa ya kufulia.

Kuna kipimo kizuri cha kujua kama chembe zina ukubwa unaofaa: dondosha mchanga wa vidole viwili kwenye glasi ndefu ya maji. Unaofaa unazama moja kwa moja na maji yanabaki angavu. Unaoelea kama wingu na kukawia ni mwembamba mno. Huo utaingia kwenye pampu, na ukitulia utashikamana na kuziba hewa.

Mchanga wa mto umwagie maji yanayochemka, au uchemshe kwa mafungu madogo juu ya makaa, ili mayai ya konokono na vimelea vife. Unapouchota mtoni vaa glavu na buti za mpira: konokono wa maji matamu hubeba kichocho, na kinapita kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Baadaye uanike juani kwenye shiti safi.

Hatua ya nne: kiasi gani?

Zidisha urefu wa tangi kwa upana kwa kina cha mchanga unachotaka, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, unapata lita. Lita moja ya mchanga mkavu ina kilo moja na nusu, ikizidi ni kidogo. Tangi la sentimita 80 kwa 35 lenye mchanga wa sentimita 3 linahitaji lita 8.4, yaani kilo 13 hivi.

Sentimita 2 mpaka 4 zinatosha kwa karibu kila mtu. Wanaoishi kwenye makombe ndio wanaohitaji 5 au zaidi, na wao wanauchimbua wenyewe kila siku. Sipendekezi zaidi ya hapo kwa sababu nitakayoieleza kwenye usafi.

Hatua ya tano: kama tangi tayari lina changarawe

Mwenye tangi jipya aruke sehemu hii.

Kwenye changarawe zako wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Ukizitoa zote, umetoa sehemu kubwa ya wafanyakazi hao. Kwa hiyo chujio lisiguswe wiki hiyo wala wiki mbili kabla. Jaza soksi ya nailoni iliyooshwa bila sabuni kwa changarawe za zamani, ifunge, na uiache ndani ya tangi kwa wiki tatu au nne baada ya kubadilisha. Punguza chakula kwa nusu siku hizo, na ubadilishe robo ya maji kila baada ya siku mbili au tatu.

Wapo wanaotoa changarawe kidogo kidogo huku samaki wamo ndani. Mimi naona ni kuwatesa, maana kila ukichota unafumua uozo wote uliolala chini, na samaki anaupumua. Afadhali kufanya kwa siku moja:

Vuta maji ya juu yaliyo safi uyajaze kwenye ndoo kubwa. Wahamishie samaki humo pamoja na chujio la sponji na pampu ya hewa, funika kwa wavu. Vuta maji yaliyobaki huku ukichokonoa changarawe, ili uozo uondoke nayo. Zitoe kwa kizoleo cha plastiki; cha chuma kitakwaruza kioo. Pangusa chini, usiguse ukoga wa kuta za nyuma.

Hatua ya sita: kutandika na kujaza

Mawe yanatangulia. Yaweke moja kwa moja juu ya sakafu ya tangi, ukiweza juu ya kipande chembamba cha plastiki, ndipo mchanga uje kuyazunguka. Samaki wachimbaji huingia chini ya jiwe lililowekwa juu ya mchanga, wanaondoa mchanga, na jiwe linawaangukia au linaangukia kioo.

Tandika mchanga ukiwa umelowa. Mkavu hubeba hewa ndani na utaona mapovu kwa siku kadhaa. Upande wa nyuma uwe juu kidogo kuliko wa mbele, siyo kwa urembo tu: uchafu utateremka mbele ambako ni rahisi kuufyonza.

Weka sahani katikati ya mchanga, na maji yamwagikie juu ya sahani, polepole, kwa kikombe au mpira mwembamba. Maji ya bomba yakae kwanza siku nzima kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Maji ya foraji, kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, hayana klorini lakini huwa magumu mahali pengi, kwa ajili ya dolomiti ile ile niliyoitaja.

Maji yatakuwa na ukungu hata kama umeosha vizuri. Acha pampu ya chujio ikiwa imezimwa mpaka yatulie, kwa kawaida saa chache, wakati mwingine siku moja. Katika muda huo sponji ya chujio isikauke wala isikose hewa: iache kwenye ndoo ya samaki pamoja na pampu ya hewa. Bakteria nao wanapumua.

Chujio na umeme

Chujio la kuvuta maji chini ya changarawe halifanyi kazi kwenye mchanga, litaziba. Liondoe. Pampu ya kuning'inia au ya ndani inafaa, mradi mdomo wake wa kuvutia maji uwe juu ya mchanga kwa sentimita 8 au 10, na uvishwe sponji. Kwa mji ambao umeme hukatika wakati wowote, hili lina uzito zaidi. Pampu inapozimwa, chembe zilizokuwa zinazunguka hutua ndani yake. Umeme ukirudi mota inaanza kusaga mchanga au inakwama, nawe huenda umelala. Baada ya kila katizo la muda mrefu gusa pampu, sikiliza. Ikikoroma, ifungue uioshe.

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa halina mota ndani ya maji, na pampu zipo zinazotumia betri. Kwa tangi lisilozidi lita 100 mimi ningechagua hilo bila kufikiri mara mbili.

Hita nayo. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi ni baridi kweli, joto la nje hushuka chini ya nyuzi 10, na samaki wa Tanganyika amezoea maji ya nyuzi 24 mpaka 27. Hita iwekwe juu ya mchanga, isifukiwe hata ncha. Sehemu iliyofukiwa haipozwi na maji, na kioo chake huweza kupasuka.

Usafi wa kila wiki

Usiuchomeke mpira wa kufyonzea ndani ya mchanga kama ulivyozoea kwenye changarawe. Ushike sentimita 2 juu yake na uuzungushe. Uchafu ni mwepesi, utanyanyuka wenyewe. Mchanga ukianza kupanda ndani ya mpira, ubane kwa vidole, utateremka tena.

Kila wiki moja au mbili pitisha vidole ndani ya mchanga, sehemu moja leo, nyingine wiki ijayo. Mchanga mnene usioguswa hukosa oksijeni chini, na bakteria wa huko hutengeneza gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo ni sumu kwa samaki. Dalili yake utaiona kwenye kioo: mabaka meusi chini ya mchanga, na mapovu yanayopanda ukigusa. Kwenye mchanga wa sentimita 3 ni nadra kufika huko. Ukikuta mabaka kwenye mchanga mnene, usiukoroge wote kwa pigo moja. Ufyonze sehemu ndogo ndogo wakati wa kubadilisha maji, kwa wiki kadhaa, na ongeza hewa.

Konokono warefu wanaochimba, *Melanoides tuberculata*, wanaifanya kazi hiyo usiku kucha bila malipo. Chukua kutoka tangi la mtu unayemfahamu. Wakizidi sana, ujue unamwaga chakula kingi.

Mimea: mchanga hauna mbolea. *Vallisneria* huota vizuri hata hivyo, na inaota Tanganyika kwenyewe. *Anubias* ifunge kwa uzi juu ya jiwe. Ukiufukia mzizi wake mnene utaoza. Usichanganye udongo mwekundu wa uwanjani chini ya mchanga, kwa sababu ile ile ya shaba.

Mwisho, usitumie mchanga wote uliouosha. Kila unapofyonza, kidogo kinaondoka, na baada ya miezi utaona kioo cha chini kwenye kona. Kausha kilo tatu au nne za akiba, zifunge kwenye ndoo yenye kifuniko na uandike juu yake zilikotoka. Lori lijalo huenda limechota mahali pengine, na itakubidi urudi kwenye siki na msumari.